Uchungu Hauna Mstari Kwenye Kadi



Nimekuja na kadi mbili. Ya kwanza ni ya mfano tu, lakini kila aliyewahi kufanya kazi katika hifadhi ya makumbusho ataitambua. Ina mistari minane: namba, jina la kitu, kabila, mahali kilipopatikana, kilichotumika kukitengeneza, urefu kwa sentimita, mwaka, na jina la aliyekileta. Kadi ya pili ina mistari hiyohiyo minane, na chini yake nimechora mstari wa tisa usio na kichwa. Yote nitakayosema leo yanahusu mstari huo wa tisa.

Lugha yetu ina neno linaloweza kuujaza. Mama anayekaribia kujifungua tunasema ameshikwa na uchungu. Aliyefiwa tunasema ana uchungu. Na mtu anayeshindwa kulala kwa sababu mambo ya nchi yake yanaharibika, tunasema ana uchungu na nchi yake. Kuzaa, kufiwa na kupenda kilicho chako, vyote vimekaa ndani ya neno moja. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema aujuaye ni yule mwenye hati ya mwana.

Yapo maneno mengine matatu ya ukoo mmoja: mwenye, mwenyewe, mwenyeji. Mwenye kitu anaweza kuwa yeyote aliyekinunua, aliyekirithi, au hata aliyekipora. Mwenyewe ni yule ambaye kitu kikiguswa, ameguswa yeye. Mwenyeji ni yule anayejua mlango wa nyumba ulipo usiku wa giza. Majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yamekuwa mwenye vitu vyetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Hayajawa mwenyewe, wala hayajawa mwenyeji. Mjadala wa kurudisha urithi, tunaousikia kila siku redioni, unahusu neno la kwanza. Mimi naomba tuyafikirie mawili yaliyobaki.

Walioandika na walioacha

Mji huu wa Kisangani umechunguzwa sana na wageni. Mwaka 1952 na 1953, ulipokuwa bado Stanleyville, Valdo Pons aliishi na kuandika maisha ya watu wa mtaa mmoja tu, Avenue 21, nyumba kwa nyumba: nani ni ndugu ya nani, nani amehama lini, nani anafanya kazi wapi. Kitabu chake kilitoka 1969 na hadi leo hakuna anayeweza kuisoma historia ya mji wetu akakiruka. Mwenzake katika utafiti huo, Pierre Clément, alisaidiwa na karani mmoja kijana wa posta, mwenye bidii ya kusoma na kuuliza. Karani huyo alikuwa Patrice Lumumba, baadaye Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi yetu. Nitarudi kwake.

Wanaethnolojia wa enzi ile walihesabu koo, mahari, ngoma, mishahara. Hisia waliziona kama moshi: zipo, lakini huwezi kuzipima, basi ziache zipite. Watafiti wa leo wamegeuka. Laurajane Smith, kwa mfano, aliwahoji watu waliotembelea majumba ya makumbusho na maeneo ya historia katika nchi kadhaa, na mwaka 2020 akatoa kitabu juu ya hisia na urithi. Anaonyesha kwamba wengi hawaendi huko hasa kujifunza. Wanaenda kuhisi, na kwa kuhisi wanathibitisha wao ni nani na ni wa nani. Chozi la mgeni mbele ya kabati la kioo ni habari ya kisayansi sawa na urefu wa sanamu iliyomo.

Nakubaliana naye, ila naongeza jambo moja. Yeye alianza na mtu anayeingia mlangoni na kukikuta kitu. Sisi wa mkoa huu wa Tshopo tuko upande wa pili: kitu kiliondoka, na hisia zikabaki hapa bila kitu. Nani amezihoji hizo?

Kifo kimoja, kadi mbili

Desemba 1884, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, wapiganaji wa Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyekuwa na kituo chake Mpala, walimuua chifu Lusinga wa Watabwa na kumkata kichwa. Fuvu lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Sanamu ya mizimu ya ukoo wake nayo ilichukuliwa. Sanamu leo ni mali ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na wajuzi wa sanaa wanaihesabu miongoni mwa kazi bora kabisa za Afrika ya Kati. Fuvu liliingia kwenye taasisi ya sayansi ya viumbe huko Brussels. Kimoja kikaitwa sanaa, kingine kikaitwa mfupa.

Angalieni kilichofanyika. Kwa watu wa Lusinga, sanamu na kichwa vilikuwa msiba mmoja: chifu, na wazee wake waliomtangulia, wameondolewa pamoja. Makumbusho mawili yakatoa kadi mbili zenye namba mbili, na kwenye kadi hizo hakuna kinachomwambia msomaji kwamba vitu hivi vinajuana. Alihitajika mwanaanthropolojia Allen Roberts kuvisimulia tena pamoja, katika kitabu cha 2013, karibu miaka 130 baadaye. Kumbukumbu ya watu wenyewe haikuwahi kuvitenganisha. Mstari wa tisa ungekuwepo tangu mwanzo, neno moja la Kitabwa la msiba lingetosha kuviweka pamoja.

Jumba hilo la Tervuren lenyewe lilianza na msiba. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliandaa maonyesho, na Wakongo 267 wakapelekwa kuishi kando ya ziwa dogo la bustani ili Wabelgiji waje kuwatazama. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba walikufa. Majina yao yako kwenye makaburi kando ya kanisa la Tervuren, nami nawaomba tuyatamke hapa, kwenye ukingo wa mto uleule waliousafiri: Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa, Mibange. Wakongo waishio Ubelgiji huenda pale kuwakumbuka. Wengi wao hawana udugu wa damu na hata mmoja wa hao saba. Ila wanasimama pale kama wafiwa, na hakuna anayewauliza cheti cha ukoo.

Hapo najifunza kwamba uwenyeji haurithiwi tu, hufanywa pia. Nasi hapa ni ushahidi. Kiswahili ninachotumia kuwahutubia kilipanda huku pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Tippu Tip, mmoja wa wakuu wa misafara hiyo, ambaye Leopold alimfanya wali wa maporomoko ya hapa Kisangani mwaka 1887, hakukileta kama zawadi. Hata hivyo mama zetu walituimbia kwa lugha hii tukalala. Kilichokuja na mnyororo tumekilea mpaka kikawa chetu. Kwa hiyo nikisema uchungu ndio kipimo cha kuwa mwenyewe, sisemi uchungu wa damu pekee. Nasema uchungu wa kulea.

Sauti iliyobaki na picha

Kuna mkusanyo mmoja, ulio mbali na kwetu, ambao mstari wake wa tisa umejazwa vizuri, na umejazwa kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1973 na 1974 huko Katanga, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, historia yote ya nchi yetu katika picha zipatazo mia moja. Kila alipoleta picha walikaa, wakawasha kinasa sauti, na Tshibumba akaieleza kwa Kiswahili cha Katanga: huyu ni nani, kwa nini nimempaka rangi hii, hapa watu walilia. Picha ziko Amsterdam, katika jumba lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023, na sasa Wereldmuseum. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuonekana tena. Ila maelezo yake yapo, na kitabu cha Fabian kilichotoka 1996 kimejengwa juu yake. Anayeitazama picha ya Lumumba amefungwa mikono anasikia pia kwamba aliyeichora hakuwa mtazamaji. Alikuwa mfiwa aliyeshika brashi.

Mfano wa pili ni wa nyumbani kabisa. Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akawa mcheza dansi anayejulikana duniani, na tangu 2006 kazi ya kundi lake, Studios Kabako, ina makao hapa Kisangani. Alipoalikwa na jumba la Metropolitan la New York kutunga mchezo, aliingia kwenye hifadhi yao na kukuta sanamu ya Kilengola. Walengola ni watu wa mama yake. Sanamu ilikuwa ndani, mbali na macho ya wageni. Angeweza kuitungia dansi ya huzuni papo hapo, na watu wangempigia makofi. Yeye alichagua njia ndefu. Alirudi Kongo, akaenda Banataba, kijiji cha watu wa mama yake, na jina la kijiji hicho ndilo alilolipa mchezo aliouonyesha New York mwaka 2017.

Wanafunzi, kaeni na jambo hili. Mtu amekutana na kitu cha ukoo wake kwenye ghala la mbali, na moyo umeshtuka. Hakuichukulia ile hisia kama jibu. Aliichukulia kama swali, akasafiri nalo hadi kwa wanaoweza kulijibu. Hiyo ndiyo ethnolojia, hata kama aliifanya kwa miguu na mabega badala ya daftari.

Hisia tusizozipenda

Msidhani nataka tukusanye machozi matamu tu. Kusini-magharibi mwa mji huu, upande wa Opala, Wambole walikuwa na chama cha lilwa, kilichofunza vijana na kuhukumu makosa. Chama hicho kilikuwa na sanamu za ofika: mtu mwembamba, mabega yameshuka, uso wenye umbo la moyo. Ni watu walionyongwa kwa kuvunja sheria za lilwa. Vijana wa jando walionyeshwa ili waogope. Siku nyingine zilifichwa.

Leo ofika wamesimama kwenye majumba ya Ulaya na Marekani chini ya taa laini, na maandishi yanasifu utulivu wa uso. Mgeni anaona amani, ilhali mzee wa Opala angeona hukumu. Mtu akija kesho kunambia ofika wote warudi Tshopo, nitafurahi, kisha nitauliza: warudi wakae wapi, na nani awaone? Maana hofu nayo ni sehemu ya kuwa mwenyewe. Aibu pia. Wapo miongoni mwetu ambao wazazi wao walivipeleka vitu vya mababu kwa wamisionari kwa mikono yao, wakaamini wanaokoa nyumba zao. Watoto wao hawana la kumlaumu mzungu, na bado wana donge kooni. Mtafiti akienda na fomu yenye visanduku viwili, huzuni na fahari, atarudi na uongo.

Tena naonya: tusiende kuwaliza wazee kwa ajili ya tasnifu zetu. Machozi si sampuli. Mtu akisema hili sitaki liandikwe, halitaandikwa, hata kama ndilo lingetupatia shahada.

Lokole ya Mangobo

Niwasimulie sasa jinsi mstari huu wa tisa ulivyonijia. Wengi wenu mnajua lokole, gogo lililochimbwa ndani na kuachiwa mwanya mwembamba juu, likawa na midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, hapo chini kidogo ya mto, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba lokole haipigi ishara za siri. Inapiga toni za maneno ya Kilokele chenyewe. Lakini maneno mengi yana toni zilezile. Songe ni mwezi, koko ni kuku, fele ni aina ya samaki, na kwenye gogo yote matatu ni mapigo mawili ya juu. Kwa hiyo mpigaji hatamki neno tupu. Mwezi huwa mwezi unaoitazama ardhi, kuku huwa kuku mdogo anayelia kiokio. Na kila mtu alikuwa na jina lake la lokole, sentensi nzima, ili akiitwa ng'ambo ya mto ajue ni yeye na si mwingine.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na picha ya lokole moja ya zamani iliyo katika jumba la ng'ambo. Nilitaka kujua matumizi yake. Nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hadi Mangobo, hapahapa mjini, kwa mzee mmoja Mlokele niliyeambiwa anazijua. Nikampa simu. Akaitazama picha kwa muda mfupi sana, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya goti lake. Nilidhani haoni vizuri. Nikaanza kumsomea kadi: mti, sentimita, mwaka.

Hakunisikiliza. Alikuwa anagonga ukingo wa kiti kwa vidole viwili, polepole, mapigo marefu yanayopanda na kushuka. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akaniambia, "Hilo ni jina langu. Baba ndiye aliyenipa. Jioni tukichelewa kwenye mtumbwi alilipiga, nasi tukapiga kasia kurudi." Akanyamaza. "Tangu azikwe, hakuna aliyeniita."

Nilikuwa nimekwenda na maswali kumi na manne. Sikuuliza hata moja.

Njiani nikirudi nilielewa nilichokuwa nikikosa. Picha yangu ilikuwa ya gogo. Yeye alichokiona ni baba. Hata kama lokole ile ya ng'ambo haikuwahi kupigwa kijijini kwao, ilikuwa na uwezo wa kumwita, na kadi yenye mistari minane haikujua hivyo. Na mjuzi aliyeandika kadi ile hakuwa mjinga wala mwovu. Alijaza alichoulizwa. Hakuulizwa: nani, akikiona kitu hiki, ataacha kukusikiliza?

Kazi iliyo mbele yetu

Tarehe 17 Februari 2022, huko Tervuren, serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wetu wa wakati huo, Sama Lukonde, orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyotoka Kongo. Julai mwaka huohuo Bunge lao likawa limeshapitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vilivyochukuliwa isivyo haki. Hatua hizi ni kubwa. Kati ya 1976 na 1982 tuliwahi kurudishiwa vitu 114 tu vya Tervuren yenyewe, baada ya nchi yetu kulisema jambo hili wazi kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1973.

Lakini orodha ya 84,000 ni kadi 84,000 za mistari minane. Serikali zinaweza kujadiliana nani ni mwenye. Hazina namna ya kutupatia mwenyewe. Hiyo ni kazi yetu, na haihitaji ruhusa ya Brussels. Napendekeza hivi. Tuchambue katika orodha vitu vyote vilivyoandikwa majina ya mahali petu: Opala, Isangi, Basoko, Banalia, Bafwasende, Yahuma, Ubundu, na maporomoko haya ya Wagenia. Kila mwanafunzi wa idara zetu apewe vitu vichache, si vingi, na awarudie watu walewale zaidi ya mara moja. Aende na picha, akae, anyamaze. Asikilize kwa lugha ya mwenye kusema, Kilengola au Kilokele au Kimbole, arekodi, kisha ndipo aandike kwa Kiswahili. Na nakala ya kwanza ibaki kijijini.

Msiniambie mji huu haujui kuhisi mbele ya kitu kidogo. Juni 2022 lilipita hapa jeneza lililobeba jino moja. Ndicho kitu pekee kinachojulikana kubaki cha mwili wa Lumumba, yule karani wa posta, kilichofichwa na polisi Mbelgiji aliyeshiriki kuuyeyusha mwili wake, na kurudishwa kwa familia tarehe 20 mwezi ule. Kwenye kadi lingeandikwa: jino, moja. Kisangani haikupokea jino. Ilimpokea mtoto wa mji anayerudi kuzikwa.

Nimalizie Mangobo. Niliporudi kwa mzee yule mara ya tatu nilikuwa nimejifunza mapigo ya jina lake. Nililigonga kwenye ukingo wa meza yake, nikakosea. Akanisahihisha kwa kidole. Nikakosea tena. Mara ya tatu aliitikia, mapigo mawili mafupi, kama mtu aliye katikati ya mto anayesema nakuja.

Kwenye kadi hii ya pili, kwenye mstari wa tisa, nimeandika kwamba kitu hiki kiliwaita watoto nyumbani jioni, na kwamba yuko mtu mmoja Mangobo anayeitikia kikiita. Jina lenyewe sikuliandika, na sitaligonga hapa. Hilo ni lake.